Leja ya stoo na vitambaa vya ekzosi

Ukizaliwa Moshi, utani wa jina la mji wako utakufuata popote uendako. Nilipoajiriwa kutunza stoo ya gereji moja ya magari ya watalii hapa Arusha, mafundi walikuwa kila wakiona Fuso inapandisha barabara ya Nairobi kuelekea Ngaramtoni, imeshindiliwa matofali, na nyuma yake barabara imezimika kwa weusi, wananiita dirishani: "Manka, njoo umpokee ndugu yako!" Siku za mwanzo nilicheka. Baadaye nikawa najibu kwamba ndugu zangu wote wazima, huyo ni mgonjwa wa nozo, vile vipulizio vya dizeli ndani ya injini, apelekwe kwa fundi pampu. Jibu hilo sikulitunga mimi. Nililiokota kwa Babu.

Babu ndiye aliyekuwa fundi wetu mkuu, Mpare wa Same, mkononi hana ukucha usio na grisi. Amefungua injini za dizeli tangu enzi za vifodi, na maneno yake yalikuwa ya kupimwa kwa kijiko. Neno alilolirudia kuliko yote ni hili: moshi mweusi ni dizeli uliyoinunua ukaitupa. Kwa karibu miaka miwili bosi wetu alijaribu kutafuta njia ya kulizunguka neno hilo, na njia aliyoiona ilipita kwenye makarai ya chipsi.

Ilikuwa 2013. Wageni walikuwa wameanza kuuliza maswali ya mazingira kwenye barua zao kabla hata ya kuuliza bei, na bosi alikuwa na Land Cruiser tisa za zamani ambazo zikiwashwa alfajiri pale uani, majirani wanafunga madirisha. Kununua mpya hakuweza. Akasoma, akapiga simu huku na huko, akarudi na neno biodizeli. Mafuta yaliyokwisha kukaangia kwenye mahoteli na vibanda vya chipsi yatakusanywa, yatapikwa kuwa dizeli, yatachanganywa na ya sheli, na moshi utaisha. Ndivyo alivyosema kwenye kikao: utaisha.

Arusha haikuwa ngeni kwa ndoto za namna hii. Miaka michache kabla, mji ulishikwa na homa ya mbono. Mbono kaburi, ule mti wa uzio ambao mbuzi hawaugusi kwa kuwa ni sumu, ghafla ukawa dhahabu midomoni mwa watu wa semina. KAKUTE, kampuni ya kusambaza teknolojia, walikuwa wamefundisha akina mama kutengeneza sabuni ya mbono. Kampuni ya Diligent ilinunua mbegu kwa wakulima wadogo na kukamua mafuta hapahapa Arusha. Kule Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, TaTEDO, shirika la nishati endelevu, walifunga injini ya kijiji iliyoweza kutumia mafuta ya mbono. Injini moja ya kijiji, mbegu za uzio wa jirani, hilo lilikuwa na akili yake na mpaka leo sioni kosa ndani yake. Kilichoanguka ni hesabu ya mashamba makubwa. Mbono hukubali kuishi kwenye ardhi kavu, lakini kuishi si kuzaa. Ukitaka mbegu za maana inabidi uupe maji na mbolea kama mahindi, na mahindi angalau unayala.

Kwa hiyo bosi aliposema "mafuta ya mimea", nusu ya gereji iliguna. Madereva wakasema sasa tunachakachua wenyewe. Neno hilo lilikuwa bado la moto. Ni juzijuzi tu, 2010, EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walikuwa wameanza kutia vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa waliokuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa, na "kuchakachua" lilikuwa limetoka kwenye matenki ya mafuta likaingia kwenye kura, mitihani na ndoa za watu.

Babu peke yake hakuguna. Alisema injini hii imezaliwa haichagui chakula. Na kweli. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe alikuja kulieleza jambo hilo miaka kumi na miwili baadaye: ni serikali ya Ufaransa iliyotaka kujua kama karanga za makoloni yake ya Afrika zingeweza kuendesha mitambo hukohuko. Karanga zetu tangu zamani zinawapa watu mawazo makubwa. Waingereza walikuja kuzipanda Kongwa mwaka 1947 kwa matrekta na mbwembwe, na kufikia 1951 wakawa wamefunga virago.

Ila Babu aliweka sharti. Mafuta ya kukaangia hayaingii kwenye gari lake yakiwa mabichi. Kwa kutiririka, mafuta ya mimea ni mazito mara kumi hivi kuliko dizeli. Nozo iliyotengenezwa kupuliza ukungu itapuliza matone, matone hayataungua yakaisha, na kaboni itajijenga kwenye mdomo wa nozo kama ukoko wa wali. Kwa hiyo lazima yapikwe, na kupika kwenyewe ni kemia ya kutengeneza sabuni iliyogeuzwa njia. Nilivyoelewa mimi ni hivi: tone la mafuta limekaa kama kigoda cha miguu mitatu. Kiti ni gliserini, miguu ni tindikali za mafuta. Unatia methanoli iliyoyeyushiwa kostiki soda, unapasha moto kiasi, miguu inachomoka na kila mmoja unavishwa methanoli. Miguu hiyo ndiyo biodizeli, nyepesi, inapanda juu. Kiti kinazama chini, kizito, rangi ya sukari guru. Unamwaga gliserini, unaosha biodizeli kwa maji, unaikausha. Maneno ni rahisi. Pipa la kwanza tulipata sabuni tupu, maana mafuta yalikuwa na maji ya viazi.

Methanoli nayo si ya kuchezea. Kijana mmoja aliuliza kama inanyweka. Babu alimtoa bandani siku nzima, jioni akamwita akamweleza taratibu kwamba kiasi kidogo tu kinaweza kumpofusha mtu, na kikizidi kinaua.

Kukusanya mafuta nako kulitufundisha jambo. Bosi alidhani vibanda vya chipsi vinamwaga mafuta yao. Niliposhuka Ngarenaro na madumu yangu, mama mmoja wa chipsi alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, nani kakwambia yanamwagwa? Nikishakaangia, wa mihogo anachukua. Wa mihogo akimaliza, kuna wa kwake." Mafuta ya kumwagwa yalikuwa ya mahotelini tu, na hata hayo yakaanza kuwa na bei wiki ya pili, wapishi walipoona gari la kampuni linakuja kuyachukua.

Tukaanza na asilimia ishirini: lita 20 za kwetu kwa lita 80 za sheli. Mchanganyiko huo duniani huitwa B20. Gari la majaribio likawa namba nne, lenye injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina tabo, inavuta hewa kwa mapafu yake yenyewe. Lilipowaka asubuhi ile, uani pakanukia maandazi. Mlinzi aliapa amesikia njaa.

Sasa vitambaa. Bosi alitaka ushahidi wa picha, na mashine ya kupimia moshi hatukuwa nayo. Babu akasema nimletee bafta nyeupe. Nikanunua mita mbili soko la Kilombero, nikakata vipande sawa. Kila kipande tulikitandaza kwenye fremu ya waya, tukakishikilia nyuma ya ekzosi injini ikiwa imeshapata moto, dereva akapiga resi kumi zinazofanana kadiri mguu wa binadamu unavyoweza kufananisha. Si upuuzi kama unavyosikika. Kuna kipimo cha maabara cha kampuni ya Bosch kinachofanya kitu hichohicho kwa karatasi: kinavuta moshi kiasi maalumu kupitia karatasi nyeupe, kisha kinasoma imekuwa nyeusi kiasi gani.

Kitambaa cha kwanza, dizeli tupu, kilitoka kama kitako cha sufuria ya ubwabwa wa msibani. Cha pili, B20, kilitoka kijivu. Kijivu kabisa! Bosi alivipiga picha vyote viwili vikiwa vimetundikwa kwenye boneti, na jioni hiyohiyo picha ikaenda kwa wageni Ulaya.

Mimi nilirudi stoo kufunga hesabu za wiki. Kwenye leja, mstari wa Jumanne, kwa mwandiko wangu mwenyewe: filta ya hewa, moja, gari namba nne. Kitambaa cha kwanza tulikipima Jumatatu. Cha pili, Alhamisi.

Nikakaa na hiyo leja dakika kadhaa. Filta iliyotoka ilikuwa bado kwenye kapu la taka, imejaa vumbi la Manyara, ukiigonga inatoa kilo ya udongo. Nikaenda kumwonyesha Babu. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaniambia twende tukarudie, na tusimwambie mtu.

Hapa inabidi nieleze moshi wenyewe unatoka wapi, maana bila hilo filta ya hewa inaonekana jambo dogo. Dizeli haichanganywi na hewa kabla kama petroli. Inapulizwa ndani ya hewa iliyogandamizwa mpaka imepata joto la kuiwasha. Tone linaungua pembezoni, lakini katikati kuna joto bila oksijeni ya kutosha. Pale kaboni zikikosa mwenza zinashikana zenyewe kwa zenyewe: zinakuwa pete, pete zinakuwa punje, punje zinakuwa vishada. Ndiyo masizi. Mengi yanaungua baadaye kidogo humohumo ndani, yakikutana na hewa. Yaliyokosa hewa ndiyo yanayotoka kwenye ekzosi na kukaa kwenye kola ya shati la konda.

Kwa hiyo hewa ndiyo kila kitu, na Arusha hewa ni chache. Tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapa uko chini kwa karibu asilimia 15 kuliko Tanga. Ukifika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi, umepoteza karibu robo. Injini yenye tabo inajitetea. Injini kama 1HZ inavuta kilichopo, na pampu ya kizamani iliyopangwa kwa hewa ya pwani inaendelea kumwaga mafuta yaleyale. Ni jiko la kuni lililozibwa mdomo. Zipo pampu zilizofungwa kifaa cha kupunguza mafuta kwenye miinuko. Ya namba nne, kama iliwahi kuwa nacho, fundi wa zamani alikwishakiona hakina kazi. Sasa juu ya upungufu huo wote, weka filta ya hewa iliyojaa vumbi la Manyara.

Tulirudia Jumapili, gereji ikiwa kimya, kengele za kanisani zinasikika. Filta ileile mpya, injini ileile, siku ileile: kwanza dizeli tupu, halafu tukakausha tenki, tukaendesha mpaka Sakina na kurudi ili mabaki yaishe, halafu B20. Tukaviweka vitambaa kwenye mwanga wa mlango. Babu alivua miwani, akaivaa tena. Cha B20 kilikuwa cheupe kidogo zaidi. Kidogo. Ungemwita mtu asiyejua akachague, angesitasita kabla ya kuonyesha kidole.

Na ndivyo ilivyopaswa kuwa. Mwaka 2002 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikusanya vipimo vingi vya injini kubwa za dizeli na kuchora mstari mmoja: mchanganyiko wa asilimia 20 wa biodizeli, hasa ya soya, ulipunguza chembe za moshi kwa takriban asilimia 10. Biodizeli tupu ilizipunguza kwa asilimia 47, karibu nusu. Sababu inaeleweka: biodizeli ina oksijeni ndani yake yenyewe, karibu asilimia 11 ya uzito wake, hivyo hata katikati ya tone pana pumzi kidogo. Tena haina zile pete za kaboni ambazo dizeli ya petroli inazaliwa nazo na ambazo masizi huanzia hapo, wala haina salfa ya kutajwa. Ila hewa ya naitrojeni iliyoungua, ile inayochangia ukungu wa mijini na yenyewe kuzaa chembe nyingine huko angani, ilipanda: asilimia 2 kwa mchanganyiko wa ishirini, asilimia 10 kwa biodizeli tupu.

Asilimia kumi si uongo. Ni asilimia kumi. Lakini picha iliyokwenda Ulaya ilikuwa inasema asilimia themanini, na sabini kati ya hizo zilikuwa ni filta ya hewa. Nilimwambia bosi. Alinisikiliza vizuri, akanishukuru, picha ikabaki palepale ilipokuwa.

Kilichomshika si mimi, ni leja. Mwezi wa kwanza wa B20, filta za dizeli zilianza kutoka stoo kama karanga. Gari ambalo lilikuwa likibadilisha filta moja kwa kila safari ndefu lilirudi mara nne. Biodizeli ni kiyeyushio kizuri. Matenki yetu yalikuwa na utandu wa miaka ishirini umelala kwenye kuta, na biodizeli ikaja kuuamsha wote na kuupeleka kwenye filta. Ukishaisha, umeisha, mwezi wa tatu hali ilitulia. Mipira ya mafuta ya zamani nayo ilivimba na kutoa jasho, tukaibadilisha yote. Hakuna aliyekuwa ameviweka vitu hivi kwenye bajeti.

Halafu ikaja Julai. Bosi, kwa kuona filta zimetulia, akaagiza namba nne ijazwe nusu kwa nusu. Babu alisema hapana mara moja, na yeye hana desturi ya kusema mara mbili. Gari likapanda Ngorongoro, likalala ukingoni, na alfajiri dereva akapiga simu. Injini iliwaka, ikakohoa, ikazima. Alipofungua filta alikuta kitu cheupe mithili ya samli. Mafuta mengi ya kukaangia yanayouzwa nchini ni ya mawese, na biodizeli ya mawese ikiwa tupu huanza kutia ukungu hata kwenye nyuzijoto 13 au 15, baridi ambayo Arusha yenyewe tunaifikia usiku wa Julai, sembuse kule juu. Ya alizeti ingestahimili zaidi. Lakini nani anakaangia chipsi za mtaani kwa alizeti ya Singida bei ilivyo? Dereva aliomba jikoni maji ya moto ya chai, akaikanda filta kama mtu anayemkanda mzazi. Wageni walikunywa kahawa ya pili, na ya tatu, wakitazama ukungu. Mmoja aliandika baadaye kwamba ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote za safari. Watu hawatabiriki.

Wakati wote huo mimi nilikuwa na dukuduku langu. Kile kitambaa cha B20 hakikuwa cheusi sana, sawa, lakini kilikuwa na mafutamafuta, kina rangi ya kahawia ukikiinua kwenye jua, hasa kile tulichokipima asubuhi injini ikiwa baridi. Nikajiuliza: je, weusi ndio uzito? Kaka yangu ni dalali wa madini, na mizani yake ya kupimia tanzanite inasoma uzito ambao hata unyoya unaonekana. Nikaazima. Nilipima vitambaa kabla na baada, nikaandika. Kitambaa cha B20 cha injini baridi, kilicho cheupe zaidi, kilikuwa kimeongezeka uzito kuliko cha dizeli.

Nilifurahi kama niliyegundua mgodi. Halafu mvua ikanyesha, nikavipima tena, vyote vikawa vimeongezeka. Pamba inakunywa unyevu wa hewa. Nilikuwa napima mawingu. Maabara huviweka vichujio vyao kwenye chumba chenye joto na unyevu uliodhibitiwa kabla ya kuvigusa, tena moshi wenyewe huchanganywa kwanza na hewa safi upoe, kwa sababu sehemu ya chembe hizi si masizi kabisa: ni mvuke wa mafuta yasiyoungua unaoganda ukikutana na ubaridi. Kwa biodizeli sehemu hiyo ya mafuta huwa kubwa zaidi ndani ya chembe, na injini ikiwa baridi ndiyo inazidi. Kwa hiyo namba zangu zilikuwa takataka, lakini dukuduku halikuwa takataka. Jicho linaona kaboni. Mafuta hayo linayapita.

Na kuna linalopitwa zaidi. Unywele wa mtu una unene wa kama maikromita 70. Chembe ambazo madaktari wanazihofia, zile za maikromita 2.5 kushuka chini, ni mara thelathini nyembamba kuliko unywele, na kishada cha masizi ya dizeli kwa kawaida ni kidogo zaidi ya hapo, kama sehemu moja ya kumi ya maikromita. Hizo hazinaswi puani. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi zinaweza kuvuka mpaka kwenye damu. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 WHO wakashusha kiwango wanachoshauri cha chembe hizo mpaka maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka. Ukitembea stendi saa kumi na mbili jioni, Haisi zimewashwa mstari mzima zinasubiri abiria, wauza ndizi wako usawa wa ekzosi, namba hiyo inakuwa kama inazungumzia sayari nyingine.

Mwisho wa mradi ulikuja kimyakimya. Namba nne lilikuwa linamisi, Babu akang'oa nozo zote sita na kuzipeleka kwa fundi pampu. Nne zilikuwa zinakojoa badala ya kupuliza. Ndilo neno la mafundi, mnisamehe. Zikabadilishwa vichwa, pampu ikawekwa kwenye benchi na kupunguzwa mafuta kwa ajili ya mwinuko wetu, muda wa kupuliza ukarekebishwa. Dereva alilalamika gari limekuwa zito kidogo kwenye mlima wa Mto wa Mbu. Siku iliyofuata Babu aliomba kipande cha bafta. Dizeli ya sheli, tupu, resi kumi. Kitambaa kilitoka na duara la kijivu jepesi katikati, kama doa la chai iliyomwagika na kufutwa.

Bosi alikishika kitambaa hicho muda mrefu. Hakusema kitu kuhusu biodizeli; alimuuliza Babu nozo sita ni shilingi ngapi, mara tisa.

Sitaki isomeke kwamba nailaani biodizeli. Kwenye injini iliyopimwa vizuri, kwa mafuta yaliyopikwa na kuoshwa na kukaushwa, ile asilimia kumi ni halali yako, na masizi yake huungua kirahisi zaidi, jambo linalosaidia magari mapya yenye chujio la masizi kwenye ekzosi. Tatizo ni kwamba machujio hayo yakifika hapa yanaziba kwa safari fupi za mjini na matunzo hafifu, na mwenye gari anashauriwa ayatoboe. Nimeshuhudia yakikatwa kwa gesi na kutupwa kwenye chuma chakavu, gari likatoka linanguruma na mwenyewe amefurahi. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, alisimama mbele ya waandishi wa habari akitikisa chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli, na kufikia Oktoba 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango yakapigwa marufuku kuingia mjini humo. Magari hayo hayakuyeyuka. Nimewahi kupokea vipuri vya mawili matatu, vibandiko vya Kijapani bado viko kioo cha mbele.

Kwenye mafuta yenyewe tumepiga hatua, na uamuzi wake unahusu mji wetu, maana ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu hapahapa Arusha: tangu Januari 2015 kiwango cha salfa kwenye dizeli kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni. Salfa ikipungua, chembe zinazotokana nayo zinapungua kwa kila gari, hata lile ambalo mwenye nalo hajawahi kusikia habari za nozo. Hilo limefanya kazi kubwa kuliko mapipa yetu yote, na hakuna aliyelipiga picha.

Kitu kimoja cha mradi kilichouzika ni gliserini. Mke wa mlinzi aliichemsha nje, mbali na nyumba, mpaka methanoli yote ikaisha, akaongeza kostiki na mafuta, akatoa sabuni ya mche, kahawia, ngumu, isiyo na harufu. Nilichukua miche sita nikaipeleka kwa mama Moshi, Majengo, pamoja na mfuko wa vile vitambaa, kwa kuwa bafta ni bafta na mama hatupi nguo.

Alivifua siku hiyohiyo. Cha kwanza kilibaki cheusi, akakifanya cha kushikia sufuria. Vya B20 vilibaki na kivuli. Cha nozo mpya kiliniponyoka. Nilipoingia jikoni jioni nilikikuta amefunikia maziwa. Nikamwambia mama, hicho si cha chakula, kimepita kwenye ekzosi.

Akakinyanyua, akakielekeza kwenye taa, akakigeuza upande wa pili.

"Mbona hakina kitu?"